Gia ya Mguu wa Kulia

Bi Ratili aliiona kabla hajavuka kizingiti cha karakana. Pikipiki yake ilisimama katikati ya sakafu, kigari chake kikiwa ubavuni kushoto kama kilivyokaa miaka yote, na chini ya tangi jeusi, pale ilipokuwa injini ya kale yenye mapezi mapana, pamebandikwa kitu kipya, kidogo, kinachometameta kama jino la kununua katika kinywa cha ajuza. Hakushughulika na mng'aro huo. Macho yake yalishuka moja kwa moja hadi chini, upande wa kulia, mahali pa kikanyagio cha gia. Gia haikuwapo. Palikuwa na breki.

"Kesho!" aliita.

Kesho halikuwa jina la fundi huyo alilopewa na wazazi wake. Lilikuwa jibu lake kwa kila mteja aliyeuliza kazi itakwisha lini, hata watu wakaona afadhali wamwite hivyo, wapate jibu na jina kwa pamoja. Alitoka nyuma ya rundo la matairi akifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mama! Karibu, karibu. Umerudi? Mzazi hajambo? Mjukuu je?"

"Hawajambo wote. Hiki ni nini?"

"Hicho?" Kesho akacheka kwa fahari. "Hicho ni kupumzika, mama. Habari ya kiki imekwisha. Unabonyeza kidole tu, hivi, inanguruma. Wewe kiki umestaafu."

"Injini yangu iko wapi?"

"Si hiyo unayoitazama?"

"Injini niliyoichagua mimi. Niliyoiandika kwa chaki mbele yako."

Kitambaa kilisimama mikononi mwa Kesho. "Mama, si ulibadilisha mawazo?"

Bi Ratili aliegemea fimbo yake, akasikia joto likimpanda kutoka kifuani hadi masikioni.

Alikuwa fundi wa mizani. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake pamoja na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia na pikipiki ya kuyabebea. Alizunguka madukani, maghalani na vinuni, akinoa makali ambayo mkono wa mzani hukalia, akibadilisha springi zilizochoka, akiweka jiwe lake upande mmoja na jiwe la mwenye duka upande wa pili, kisha akamtazama mwenye duka usoni. Wengi hawakupenda kutazamwa hivyo. Wao ndio waliompachika jina la Bi Ratili kwa kejeli, naye akalichukua akalivaa kama vazi la heshima. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti zamani, baada ya mzani wa magunia kuwaponyoka wachukuzi na kumwangukia. Alitembelea mguu wa bandia na fimbo, na kwa mwendo huo alikuwa amewafikia waongo wengi waliokuwa na miguu miwili.

Watu walidhani aling'ang'ania pikipiki ile kuukuu kwa kumbukumbu ya marehemu baba. Hakuwasahihisha, maana mtu mwenye kazi huchoshwa na maelezo. Ukweli ulikuwa mwepesi zaidi. Pikipiki za zama zile ziliwekewa gia upande wa kulia na breki upande wa kushoto. Breki hukubali mguu usiohisi: paja husukuma, unyayo wa bandia hushuka, gurudumu hushikwa. Gia haikubali. Gia hutaka kidole kinachosikia, kinachotambua kwamba imeingia au imekwama nusu ya safari, na kidole kama hicho Bi Ratili alibakiwa nacho kulia peke yake. Pikipiki za siku hizi zimegeuzwa, gia imehamia kushoto. Kati ya vyombo vyote vya magurudumu vilivyopita njiani, hicho kimoja ndicho alichokiweza, na ndicho kilichomwezesha kufanya kazi yake.

Kwa hiyo injini ya kale ilipokufa, konrodi, ule mkono wa pistoni, ikakatika na kutoboa ubavu wa injini hata mafuta yakamwagika barabarani, hakulia wala hakuulizia ya kupendeza. Alikwenda na Kesho kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akapita kutoka injini hadi injini, akaziacha zilizosafishwa kwa ajili ya macho ya wanunuzi, akaichagua moja iliyojaa kutu kwa nje, yenye beringi moja ya kubadilishwa, ambayo gia zake ziliingia moja baada ya nyingine bila kusitasita. Aliipiga alama ya chaki, akamwachia Kesho aipeleke karakana kuifunga. Kisha akasafiri kwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua.

"Nani alikwambia nimebadilisha mawazo?" aliuliza sasa.

"Kaka yako."

"Kaka yangu."

"Alikuja mwenyewe, mama. Na kanzu yake, na kofia yake. Akasema, dada yuko safarini, tumezungumza, tumeona achukue injini mpya. Akaileta kwa gari, imo ndani ya boksi."

"Tumezungumza. Yeye na nani?"

"Sasa mimi ningejuaje? Mzee mzima kama yule, nimwambie aape?"

"Ungenipigia simu."

"Uko kwenye uzazi, nikusumbue..."

"Namba yangu huisahau kamwe unapotaka kuniambia kesho! Simu moja, Kesho. Moja! Pikipiki ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Injini niliichagua na nani?"

"Na mimi."

"Halafu ikaja sauti ya kiume, ukaona inatosha."

Kesho aliinamisha kichwa, akakitazama kitambaa kana kwamba majibu yameandikwa humo. Alipoulizwa injini ya chaki imekwenda wapi, alijibu kwa sauti ya chini kwamba kaka mtu aliamuru iondolewe. Sanduku la gia lilichukuliwa na mtu mwenye haja nalo, na mabaki yakaenda kwa wayeyushaji. Bi Ratili akainama kwa taabu, akapitisha kidole chini ya chesi, kiunzi cha pikipiki. Vishikio viwili vilivyoibeba injini tangu enzi za baba yake vilikuwa vimekatwa kwa msumeno, vingine vyembamba vikachomelewa mahali pake, na rangi nyeusi ikapakwa juu ili jeraha lisionekane.

"Umekata chesi."

"Isingekaa bila kukatwa, mama. Lakini usiogope! Tazama, gia yake ni ya kukanyaga mbele na nyuma. Huna haja ya kuinua kwa kidole. Mbele unapanda, nyuma unashuka. Mguu wowote unaweza."

"Mguu wowote."

"Jaribu tu."

Alijaribu, si kwa kuamini bali kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuhukumu kitu kabla ya kukipima. Alipanda, akauinua mguu wa bandia kwa nguvu za paja, akaushusha mbele. Chuma kikalia. Alikuwa ameingiza gia moja au mbili? Hakujua. Ilimlazimu kuinama na kutazama. Akashusha tena. Unyayo ukateleza kwenye ncha ya kikanyagio, ukagonga ubavu wa kigari. Akatazama tena chini.

"Ukiwa njiani mbele yangu kuna lori," alisema, "na mimi nimeinama hivi natazama mguu, wewe ungependa kuwa wapi?"

"Mbali," Kesho alikiri.

"Lete ufunguo. Nataka nisikie angalau inavyonguruma."

"Ufunguo anao kaka yako. Alisema atakukabidhi yeye mwenyewe."

Bi Ratili alishuka. Alikaa juu ya kreti ya chupa, akaiegemeza fimbo gotini, akangoja. Hakungoja sana, kwa sababu kaka yake alikwisha kupata habari kwamba msafiri amerudi, naye ni mtu aliyependa kuwapo zawadi yake inapofunguliwa. Aliingia na harufu ya udi, kanzu imenyooka, uso umejaa ukarimu.

"Asalaam aleikum."

Bi Ratili aliitikia kwa ukamilifu, kwani salamu ni haki ya aliyeitoa hata akiwa amekukosea. Kisha akauliza, "Gia iko upande gani, Kaka?"

"Hata hongera hujasema! Umeiona lakini? Mpya kabisa, haijaguswa na..."

"Gia iko upande gani?"

"Utazoea, mdogo wangu. Binadamu huzoea."

"Binadamu huzoea. Plastiki haizoei."

"Punguza sauti. Usinikasirikie mbele za watu."

"Basi ungenikosea faraghani."

Kesho aligeukia matairi yake akajifanya anayahesabu. Kaka mtu alishusha pumzi, akaweka mkono kifuani, na sauti yake ikawa ile aliyoitumia msikitini kila walipogombana wengine akasimama kuwapatanisha.

"Nisikilize. Sikulifanya hili kwa matamanio ya nafsi. Niliswali istikhara. Nilimwomba Mola anichagulie lililo la kheri katika jambo hili, nikalala, nikaamka moyo wangu umetulia tuli. Sasa wewe unagombana na mimi, au unagombana na kheri?"

Hapo ndipo hasira ya Bi Ratili, iliyokuwa ikichemka kama maji yaliyofunikwa, ilipokitupa kifuniko. Alisimama.

"Moyo wa nani ulitulia?"

"Moyo wangu."

"Na mguu wa nani umekatwa?"

"Usiyageuze maneno..."

"Nayaweka sawa, ndiyo kazi yangu! Mwenye kuswali swala hiyo huitaja haja yake mwenyewe, amwachie Mola wake. Nawe uliitaja haja ya nani? Ulimwambia nini Mwenyezi Mungu, Kaka? Ulimwambia kwamba mwenye pikipiki yu hai, ana akili zake, amekwisha kuchagua, ameandika kwa chaki? Au hilo ulilinyamazia, ukamwonyesha upande mmoja wa mzani?"

Kaka mtu alikuwa msomi kuliko dada yake, na alijua kwamba swali hilo lina jibu moja tu.

"Nilikutakia mema," alisema hatimaye. "Suala la gia sikulifikiria. Mimi si fundi. Nani angefikiria mambo ya kushoto na kulia?"

Kesho alikohoa. Alikohoa tena. Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuchoka kuhesabu matairi.

"Mzee, samahani. Tulizungumza."

"Tulizungumza nini?"

"Kuhusu gia. Nilikwambia, mama mguu wake wa kushoto hauwezi, lakini kuna njia. Napitisha ufito wa chuma chini ya injini, kutoka kushoto hadi kulia, nabadilishana na breki, naye anakanyaga kulia kama zamani. Kazi ya nusu siku. Ukaniambia acha, nami nikatii, nikamwambia mama mguu wowote unaweza."

"Sikumbuki."

"Ukasema acha hivyohivyo, akishindwa kuiendesha ataiuza mwenyewe, wala hatamlaumu mtu."

Nje mtu aliburura bati, na kelele zake zikapita ndani kama kucha juu ya sahani. Bi Ratili alimtazama kaka yake kama alivyowatazama wenye maduka baada ya kuinua jiwe lao na kukuta tako lake limechongwa kwa ndani. Alikuwa tayari kusamehe upumbavu. Alikwisha kuandaa hata maneno ya kumsamehe nayo, kwa kuwa upumbavu wa ndugu ni sehemu ya undugu. Lakini huu haukuwa upumbavu.

"Ulijua," alisema.

"Ndiyo, nilijua!" Kaka mtu alipaza sauti, na sauti ya msikitini ikamtoka yote. "Nilijua! Umri wako huu, mguu mmoja, unazunguka na mawe kama mchuuzi. Watu wananiuliza, dada yako yule, huna uwezo wa kumweka nyumbani? Nimekupa chumba, nimekupa kila kitu. Kila nikitoka swalani kuna mtu ana kisa chako. Mara umemvunjia fulani mzani wake, mara umemfedhehesha fulani mbele ya wateja. Yule wa duka la nafaka ni mwenzangu, tunaswali bega kwa bega!"

"Yule jiwe lake lilikuwa limechongwa."

"Ni mwenzangu!"

"Basi msogelee, umsaidie kulijaza."

"Unaona ulimi huo? Ndio ninaousema!"

"Ungenijia ukaniambia, dada, naona haya kwa ajili yako, acha kazi. Ningekukatalia, tungegombana, tungenuniana, tukasalimiana siku ya pili. Hayo ni ya ndugu. Wewe umengoja nimekwenda kumshika mjukuu mkononi, ukaja kuniwekea mtego ndani ya pikipiki ya baba, ukaupaka rangi, ukauita kheri, ukamtaja Mungu juu yake. Ungetumia msumeno huohuo kwenye mguu wa pili, tukajua moja."

Kesho aliona kwamba ni zamu yake kuokoa kitu, hata kama ni kidogo. "Mama, ufito ninaweza kuuweka leo. Leoleo, wallahi, si kesho. Injini yenyewe ni nzuri, kosa si lake. Naomba tu ufunguo, mzee."

Kaka mtu aliutoa ufunguo mfukoni. Haukuwa mkubwa, na ulining'inia katika pete yenye utepe mwekundu wa dukani. Hakuunyoosha mkono.

"Injini nimeinunua mimi," alisema. Alikuwa ametulia tena, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Wekeni huo ufito wenu, sikatai. Lakini ufunguo utakaa kwangu. Ukiwa na safari utaniambia unakwenda wapi na kwa nani, nikiona ni pa kwenda nitakupa. Hapo hakuna aliyedhulumiwa."

Bi Ratili aliutazama ule ufunguo. Pikipiki ya baba yake haikuwahi kuwa na ufunguo. Mwenye nguvu ya kupiga kiki ndiye aliyekuwa mwenye safari.

"Injini umenunua wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Ni mali yako."

"Si lazima tufike huko, lakini ndiyo."

"Fundi," alisema bila kugeuka, "ifungue. Mpe mwenyewe mali yake."

"Mama..."

"Lete spana."

Kesho alileta spana. Alimwaga mafuta ndani ya karai, akachomoa nyaya, akafungua bomba la moshi, akalegeza mnyororo. Kaka mtu alisimama mikono nyuma, akitabasamu kama mtu anayemtazama mtoto akifungasha nguo zake kwa hasira na kusema anahama nyumbani. Nati ya kwanza ilitoka, na tabasamu lilikuwapo. Kishikio cha nyuma kikaachia. Injini ikainama upande mmoja, Kesho akaishika kwa goti, na tabasamu likapungua.

"Utafanya kazi kwa kutumia nini?" aliuliza.

Nati nyingine ilitua sakafuni.

"Sema basi. Mawe yako utayabebaje? Kichwani?"

Spana ilizunguka. Ilipobaki bolti moja tu, kaka mtu aliuvua ufunguo katika pete yake, akauweka juu ya tandiko la pikipiki kwa kishindo kidogo.

"Haya. Chukua. Ufunguo huo, injini hiyo, nenda unakotaka. Yaishe."

Kesho alisimamisha mkono. Alimtazama Bi Ratili kwa macho ya kuomba, kwa kuwa mgongo ulimuuma na kwa kuwa injini ilikuwa nzuri kwelikweli. Hata yeye Bi Ratili alilijua hilo. Alijua pia kwamba siku zinazokuja atazipitisha kwa miguu, kwamba wapo wenye mizani watakaofurahi kutomwona, na kwamba waya mmoja tu ukikatika miezi ijayo, injini itakuwa tena ya kaka, na ufunguo utaombwa, na istikhara nyingine itaswaliwa.

"Endelea, fundi," alisema.

Bolti ilitoka. Kesho aliikumbatia injini, akatembea nayo kwa magoti yaliyopinda, akaitua mbele ya viatu vya kaka mtu. Tone la mafuta liliruka likatua kwenye pindo la kanzu, likatanuka polepole.

"Haikupungua hata nati," Bi Ratili alisema. "Ihakikishe mwenyewe."

"Unanitupia zawadi miguuni."

"Nakurejeshea ulichokinunua. Zawadi hukuleta."

"Sasa mimi nitaibebaje hii?"

Jibu kali lilimjia ulimini, la kejeli juu ya swala na kuamka na moyo mtulivu. Akalimeza. Swala haikuwa na kosa. "Ni nzito," alisema tu. "Mimi mpimaji, nazijua nzito. Tafuta mkokoteni."

Aliuokota ufunguo juu ya tandiko, akauweka juu ya injini, akauelekeza ukae katikati usianguke. Kisha akamwambia Kesho achukue futi ya kupimia na chaki, kwamba wanatoka.

"Sasa hivi, mama?"

"Chesi uliikata wewe. Utachomelea vishikio vipya kwa kipimo cha injini nitakayoichagua mimi, nami nitakaa pale kwenye kreti nikutazame ukichomelea. Na mtu mwingine akija, hata akija na joho, utamwambia nini?"

"Nitamwambia akuulize wewe."

"Tutaona."

Waliondoka, yeye mbele, fimbo ikigonga sakafu, kisha changarawe, kisha lami. Kaka yake alimwita kwa jina la utotoni ambalo halikuwa limetamkwa tangu mama yao afariki. Alilisikia. Hatua yake ilipungua, na kwa kitambo kidogo Kesho alidhani atarudi. Hakurudi.

Kwenye uwanja wa vyuma chakavu jua lilikuwa limeshika kila kitu. Mwenye uwanja alitoka kivulini akiwa na kikombe mkononi.

"Karibu, mama. Leo nikupe nini?"

"Injini ya pikipiki. Gia kulia."

"Lo, gia kulia. Hizo siku hizi shida. Zipo chache kule nyuma, chini ya chini, na sikuahidi uzima wake. Kwa nini usichukue za kisasa? Ninazo safi, za kushoto, hata kesho unaondoka nayo."

Kesho alimshika mkono mwenye uwanja na kumtikisia kichwa, kumwonya. Lakini Bi Ratili alikwisha kupita. Alikwenda hadi nyuma, akageuza ndoo juu chini akakaa, akavua kiatu cha kulia.

"Zitoeni," alisema. "Moja moja. Mniwekee hapa mbele."